Kufunga kamera za gari, ya mbele na ya nyuma, kwa mkono wako

Kubandika kamera ya kurekodi safari kwenye kioo ni kazi ya dakika kumi. Muda unaliwa na nyaya: waya wa umeme unaotoka kioo cha mbele hadi boksi la fyuzi, na waya wa kamera ya nyuma unaovuka gari zima hadi ndani ya mlango wa buti. Kama hujawahi kufungua plastiki za gari, tenga asubuhi nzima. Kazi nyingi zinazoharibika huharibikia mahali pawili: pale umeme ulipochukuliwa, na pale waya wa nyuma ulipovuka kwenda mlango wa buti. Huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Gari tunalolizungumzia ni la usukani wa kulia, la mtumba kutoka Japani, lenye mlango wa buti unaofunguka kwenda juu: Vitz, IST, Fielder, Probox na jamaa zao. Mwenye Premio au Allion ana kazi nyepesi, kwa sababu kioo chake cha nyuma hakifunguki na waya unaishia juu ya rafu ya nyuma ya viti.

Kabla ya kutoa hela

Tafuta kamera inayotumia kapasita (kifaa kidogo cha kutunza umeme kwa muda mfupi) badala ya betri ya lithiamu. Gari likifungwa juani, hewa ya ndani hupanda kupita nyuzi 50, na kitu kilichobandikwa kwenye kioo hupata joto zaidi ya hapo. Betri ya lithiamu ikipikwa hivyo kila siku huvimba, husukuma kasha, na mwisho hushindwa hata ile kazi yake ya pekee, ambayo ni kuipa kamera sekunde chache za kufunga faili la mwisho umeme unapokatika. Faili la mwisho ndilo lenye ajali.

Pima gari kwa kamba kabla ya kununua. Waya wa nyuma wa seti nyingi una mita 6, na unatosha Vitz au IST ukipita juu. Kwa Noah, Hiace au gari lolote ambalo waya utapita chini, kwenye vizingiti vya milango, tafuta wa mita 9 au 10. Usipange kuunganisha waya kwa kuukata na kusokota. Unabeba picha pamoja na umeme, na kiungo cha mkono huleta mistari kwenye picha au giza tupu.

Memori kadi iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, yenye alama ya U3 au V30. Hesabu ni hii: kamera ya mbele ikirekodi kwa megabiti 20 kwa sekunde na ya nyuma kwa 10, saa moja inakula gigabaiti 13.5. Kadi ya GB 64 basi inabeba chini ya saa tano kabla ya kuanza kufuta za zamani, na ya GB 128 zaidi kidogo ya saa tisa. Angalia pia ukubwa wa mwisho ambao kamera yako inakubali. Kadi feki ni nyingi, Kariakoo ya Dar es Salaam kama Luthuli Avenue ya Nairobi. Imeandikwa 128 ilhali ndani ina 16, na ikijaa inaandika juu ya vitu bila kukuambia. Ipime kwenye kompyuta ya Windows kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huijaza kadi yote kisha huisoma tena. Inachukua muda, lakini ni nafuu kuliko kugundua siku ya ajali.

Vifaa vya kazi si vingi: kijiti cha plastiki cha kung'olea plastiki za gari (bisibisi itaacha kovu), mita ya kupimia volti (multimita), spana namba 10, koleo, spiriti na kitambaa safi, kamba ndogo za plastiki za kufungia nyaya, na tepu ya kitambaa. Tepu nyeusi ya umeme iache. Joto linaiyeyusha gundi, na baada ya miezi michache inateleza na kubaki nta inayonata kila mahali.

Jaribu kila kitu juu ya viti

Kabla ya kubandika chochote, tandaza vyote ndani ya gari: kamera ya mbele kwenye dashibodi, waya wa nyuma juu ya viti, kamera ya nyuma kwenye buti, umeme kutoka tundu la kuwashia sigara. Weka kadi, ifomati ndani ya kamera yenyewe, washa, acha irekodi dakika kumi. Fungua faili za mbele na za nyuma uone kama zote zina picha. Kichomeko cha kamera ya nyuma ni kigumu, kinahitaji kusukumwa mpaka mwisho. Wengi wanaodhani kamera ya nyuma imekufa walikiacha milimita mbili nje. Ukiruka hatua hii ukaja kugundua waya mbovu baada ya kufunga plastiki zote, utaanza upya.

Kamera ya mbele

Mahali pake ni nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, ndani ya eneo ambalo waipa inafuta. Dereva akikaa vizuri asiione, au aone kipande kidogo tu. Epuka nukta nyeusi zilizo juu ya kioo, kwa sababu gundi haikamati vizuri pale na siku ya jua kali kamera itadondoka. Epuka pia ukanda wa tinti wa juu, la sivyo picha nzima itakuwa na rangi ya kijani au ya bluu. Gari lenye kamera yake ya kiwanda nyuma ya kioo, ile ya kuonya unapotoka kwenye mstari au ya kufunga breki yenyewe, liachiwe nafasi: usibandike kitu mbele yake, na waya usining'inie pale.

Magari ya Japani mara nyingi yana stika za kule zilizobaki juu ya kioo. Zibandue kwanza, usibandike juu yake.

Safisha kioo kwa spiriti, kikauke kabisa, kisha bandika kishikio peke yake bila kamera. Kandamiza kwa kidole gumba nusu dakika. Kama una subira, acha hadi kesho ndipo uitundike kamera, kwani gundi ya povu hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 24 hivi. Fanya hivi kivulini. Kioo cha moto na kioo chenye umande vyote huharibu gundi.

Umeme: amua kwanza unataka nini

Kuna njia mbili. Kama unataka kamera irekodi unapoendesha tu, chukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, ficha waya, maliza. Kwa gari linalolala ndani ya geti lenye mlinzi, hatuoni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Tahadhari ni moja: tumia adapta iliyokuja na kamera au nyingine inayotoa volti 5 na angalau ampea 2. Tundu la USB la redio ya gari mara nyingi hutoa nusu ampea tu, na kamera mbili zikiwa juu yake hujizima na kujiwasha njia nzima.

Kama unataka ilinde gari likiwa limeegeshwa, unahitaji kile kiboksi kidogo chenye nyaya tatu kinachoshusha volti 12 hadi 5. Kwa kawaida waya mwekundu ni wa umeme unaokuja ufunguo ukiwa ACC (hatua ya kwanza, ya kuwasha redio bila injini), wa njano ni wa umeme wa kudumu kutoka betri, mweusi ni wa hasi, unaofungwa kwenye bodi. Hakikisha na karatasi iliyomo kwenye boksi, kwani si watengenezaji wote wanaofuata rangi hizo. Ukibadilisha mwekundu na wa njano, kamera haitafahamu ufunguo umezimwa lini, na ulinzi wa maegesho hautafanya kazi au hautazimika kamwe.

Boksi la fyuzi la ndani, kwenye Toyota nyingi, liko chini ya dashibodi: ama karibu na goti la dereva, ama nyuma ya droo upande wa abiria. Kifuniko chake au kitabu cha gari kina mchoro. Kwa waya mwekundu tafuta fyuzi iliyoandikwa CIG, ACC au P/OUTLET. Kwa wa njano tafuta DOME (ya taa ya ndani) au nyingine ya umeme wa kudumu isiyohusu usalama. Fyuzi za mfuko wa hewa (airbag), ABS, usukani wa umeme na kompyuta ya injini usiziguse, hata kama nafasi yake ndiyo rahisi kufikia.

Usiamini maandishi peke yake. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, nyekundu kwenye kile kidoti cha chuma kilicho juu ya fyuzi. Fyuzi ya ACC isome sifuri ufunguo ukiwa umetolewa na isome 12 na ushee ukiwa ACC. Ya kudumu isome 12 wakati wote. Hii ya pili ipime tena baada ya kufunga milango na kungoja nusu saa, kwa sababu baadhi ya magari hukata umeme wa taa ya ndani ili kulinda betri, na hapo ulinzi wako wa maegesho utakufa kila usiku bila wewe kujua sababu.

Kuunganisha, tumia tawi la fyuzi: kichomeko kinachokaa mahali pa fyuzi ya zamani na kubeba fyuzi mbili, ile ya zamani na mpya ya kamera. Yapo ya ukubwa mbalimbali, kwa hiyo ng'oa fyuzi moja uende nayo dukani. Fyuzi ndogo ya kawaida na ile fupi zaidi zinafanana machoni lakini hazibadilishani. Fyuzi ya kamera iwe ya ampea 2 au 3. Ya zamani irudishwe kwa thamani ileile: 7.5 ni ya kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 ya njano. Kamwe usiweke kubwa kuliko iliyokuwepo.

Tawi lina upande wake. Ng'oa fyuzi, pima matundu mawili, uone ni lipi lenye umeme. Mguu wa tawi ulio mbali na waya uingie kwenye tundu hilo lenye umeme. Ukigeuza, kamera itawaka vilevile, ila mzigo wake utapita kwenye fyuzi ya zamani pia, na siku ikiungua utapoteza vyote viwili. Kupachika waya mtupu kwenye mguu wa fyuzi na kuukandamiza, kama wanavyofanya wenye haraka, ni kukaribisha moto: waya hauna fyuzi yake na mguu hauketi vizuri.

Waya mweusi ufungwe kwenye bolti inayoshika chuma cha bodi. Bolti iliyofungwa kwenye plastiki au iliyopakwa rangi nene haifai. Pima kwa mita upande wa omu, kutoka kwenye bolti hadi hasi ya betri: isome chini ya omu moja. Hasi mbovu ndiyo sababu ya kamera inayojizima ovyo, na watu huishia kubadilisha kamera bure.

Magari mengi ya Japani yana kifaa cha ETC, kile cha kulipia barabara za kule, chini ya dashibodi, ndani ya droo au kwenye kivuli cha jua. Huku hakina kazi. Kina nyaya zake tayari, za ACC, za kudumu na za hasi, na unaweza kukitoa ukatumia nyaya hizo bila kugusa boksi la fyuzi. Zipime kila moja kwanza kama ulivyopima fyuzi.

Juu ya kukata betri: maelezo mengi yanakuambia uchomoe hasi kabla ya kuanza. Kwa gari la Japani fikiri mara mbili. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga zikikosa umeme, na zikirudi zinadai namba ya siri ambayo mwenye gari wa huku hanayo. Vioo vya milango vya otomatiki navyo huhitaji kufundishwa upya. Kama hugusi nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele yenye mfuko wa hewa, inatosha kuzima gari, kutoa ufunguo na kufanya kazi kwenye fyuzi ulizozing'oa. Ukilazimika kufungua nguzo hiyo, basi chomoa hasi na ungoje zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa, ukijua kwamba huenda ukamhitaji mtu wa kufungua redio.

Betri itadumu muda gani

Kamera mbili zikilinda gari hula kama ampea 0.3, kutegemea aina. Kwa saa 24 hiyo ni Ah (ampea-saa) 7.2. Betri mpya ya ukubwa wa NS60 ina takribani Ah 45, kwa hiyo siku tatu bila kuendesha zinakaribia nusu yake, na betri iliyozeeka haifiki hapo. Kiboksi cha nyaya tatu kina swichi ya kuchagua volti ya kukata umeme. Betri iliyotulia ikiwa na 12.2 imebaki karibu nusu, ikiwa na 12.0 imebaki kama robo. Weka 12.2 kama ipo, au 12.0 ikiwa betri ni changa. Hiyo 11.6 inayowekwa kiwandani kwenye baadhi ya viboksi itakuacha ukisukuma gari asubuhi. Magari ya haibridi kama Aqua na Prius yana betri ndogo ya volti 12, mara nyingi iliyofichwa nyuma, nayo haina ubavu wa kulinda maegesho siku nyingi. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari hayo ni za volti nyingi na hazikuhusu.

Njia ya waya

Anzia kwenye kamera. Waya wa umeme na wa nyuma vyote vinapanda kwenye ukingo wa juu wa kioo. Bonyeza dari kwa kidole, itajitenga kidogo na bodi, nawe utumbukize waya. Endelea hadi kona ya nguzo ya mbele.

Hapa simama usome nguzo. Ikiwa imeandikwa SRS AIRBAG, ndani yake au juu ya milango kuna mfuko wa hewa wa pembeni. Waya usipite mbele ya mfuko, yaani kati ya mfuko na plastiki, kwa sababu ukifyatuka utaurusha waya usoni mwa mtu au waya utauzuia mfuko. Upite nyuma yake, ufungwe kwenye nyaya za kiwanda kwa kamba za plastiki kila sentimita 15 hivi. Klipu za nguzo za aina hii mara nyingi zina ulimi wa kuzizuia zisiruke. Hazivutwi kwa nguvu, zinazungushwa, na iliyokatika hubadilishwa kwa mpya, haibandikwi kwa gundi. Mtu asiye na uhakika na hapa alipe fundi umeme wa magari kwa nguzo hiyo tu, kisha aendelee mwenyewe.

Nguzo isiyo na maandishi hayo ni kazi ya kawaida. Vuta mpira wa mlango utoke, sukuma waya ndani ya mwanya kati ya plastiki na bodi, rudisha mpira. Waya wa umeme unashuka hadi chini ya dashibodi. Usiuache uninginie karibu na pedali: ufunge juu kabisa. Waya uliolegea upande wa dereva ni hatari kuliko kukosa kamera.

Waya wa nyuma unaendelea juu ya milango, ndani ya ukingo wa dari, ukivuka nguzo ya kati hadi ya nyuma. Hii ndiyo njia fupi na safi kwa gari lisilo na mifuko ya pembeni. Lenye mifuko, peleka waya chini: shusha kwenye nguzo ya mbele, inua plastiki za vizingiti (zinavutwa kwenda juu moja kwa moja), laza waya pamoja na nyaya za kiwanda, panda tena nyuma. Unakula mita moja na nusu au mbili zaidi, ndiyo maana tulisema upime kwa kamba.

Kila mahali waya unapogusa plastiki tupu, uzungushie tepu ya kitambaa. Barabara zetu hazisamehe. Baada ya kilomita mbili za vumbi utasikia tik-tik-tik isiyokoma, na itabidi ufungue tena kuitafuta.

Mlango wa buti

Kati ya bodi na mlango wa buti, juu karibu na bawaba, kuna mpira wa mikunjo wenye nyaya za taa na waipa ndani yake. Waya wa kamera lazima upite humo. Ukiuacha nje, ukabanwa na mpira wa mlango, utaonekana mzima wiki mbili tatu. Kisha ngozi yake inakatika, maji ya mvua yanafuata waya hadi kwenye dari, na picha ya nyuma inaanza kukatika kila unapopita tuta.

Chomoa ncha zote mbili za mpira. Zina mdomo unaokaa kwenye tundu la chuma, ukibonyeza pembeni unatoka. Chukua waya mgumu, hata wa hanga ya nguo uliofunikwa ncha kwa tepu, upitishe ndani ya mpira kutoka upande wa mlango hadi upande wa bodi. Funga kichomeko cha kamera kwenye ncha yake kwa tepu, iwe nyembamba kama risasi, isiwe na bonge. Pakaza maji ya sabuni ya vyombo ndani ya mpira, kisha vuta polepole huku mtu mwingine akisukuma. Usitumie grisi wala mafuta ya injini, yanaharibu mpira. Kichomeko kikigoma katikati, rudi nyuma uzungushe kidogo. Ukivuta kwa hasira utang'oa pini ndani ya kichomeko, na waya umekwisha.

Kabla ya kurudisha midomo ya mpira, fungua mlango hadi mwisho na uufunge mara kadhaa ukiangalia waya. Uwe na ulegevu wa kutosha mlango ukiwa wazi, ila usiwe mrefu kiasi cha kujikunja ndani ya mpira. Midomo ikirudi, kagua mzunguko wake wote kwa kidole. Ulioketi vibaya huingiza maji.

Plastiki ya ndani ya mlango wa buti ina skrubu moja au mbili zilizofichwa, mara nyingi ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, halafu klipu pande zote. Klipu moja au mbili zitakatika kwenye gari la miaka kumi na tano. Nunua chache za akiba.

Kamera ya nyuma yenyewe ikae juu katikati ya kioo, ndani, kwenye eneo la waipa kama ipo. Nyaya nyembamba za kukausha ukungu zisifunikwe na gundi: bandika sehemu iliyo juu zaidi ya ule wa kwanza bila kuugusa, au katikati ya miwili, kwani siku ya kubandua gundi huondoka na waya huo na kioo hakikauki tena pale. Tinti nyeusi ya nyuma itakupa picha nzuri mchana na giza usiku. Hakuna mpangilio wa kamera unaotibu hilo. Ama uondoe kipande kidogo cha tinti mbele ya lenzi, ama ukubali.

Mipangilio ambayo watu huiacha ilivyo

Saa za eneo ziwe +3 kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Kamera yenye GPS hurekebisha dakika lakini haijui eneo lako, na video inayoonyesha saa tano asubuhi wakati ajali ilikuwa saa nane mchana itakuletea maswali. Masafa ya taa yawe 50 Hz. 60 hufanya taa za barabarani zicheze kwenye picha. Faili ziwe za dakika moja au tatu. Kihisi cha mtikisiko kiwe cha chini kabisa. Kikiwa cha juu, kila tuta na kila rasta hufungiwa faili kama ajali, faili zilizofungwa hazifutwi, na baada ya siku chache kadi imejaa. Namba za magari yaliyo nyuma yako zikionekana zimegeuka kama kwenye kioo, zima ugeuzaji wa picha ya nyuma.

Wanaobeba abiria wazime kipaza sauti au wawaambie abiria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na kurusha mtandaoni sura na sauti za watu si jambo jepesi kama kumpa trafiki faili la ajali.

Ikisumbua

Kamera ikijiwasha upya unapopiga stata, usihangaike: volti hushuka kwa muda mfupi, ni kawaida. Ikijiwasha upya njiani, kagua adapta kwanza, hasi pili, kadi tatu, kwa mpangilio huo.

Redio ikianza kukoroma baada ya kufunga kamera, ujue magari mengi ya Japani yana redio inayoishia 90 MHz na kifaa kilichoongezwa kwenye waya wa antena ili kuzileta stesheni za huku. Kifaa hicho hunasa kelele za adapta za bei rahisi. Ondoa waya wa kamera karibu na waya wa antena, upite nguzo ya upande mwingine, na vika kipande cha feraiti (pete nyeusi ya kumeza kelele za umeme) kwenye waya wa umeme karibu na kamera. Isipopungua, badilisha adapta.

Picha ya mbele ikiwa na ukungu mweupe mchana, ni dashibodi inayoakisi kwenye kioo. Acha kuipaka mafuta ya kung'arisha, au nunua kichujio cha kupunguza mng'ao kinachozungushwa mbele ya lenzi. Ukitaka kufunga kwenye Fuso au basi, soma kiboksi: magari hayo ni ya volti 24, na kiboksi cha 12 pekee kitaungua siku hiyohiyo.

Kadi ifomatiwe ndani ya kamera mara moja kwa mwezi, na siku hiyo fungua faili moja la nyuma ulitazame. Ajali ikitokea, bonyeza kitufe cha kufunga faili, zima kamera, toa kadi. Ukiiacha irekodi huku mkingoja polisi saa nyingi, na faili halikufungwa, litafutwa.

Siku ya kuuza gari, pasha kishikio moto kwa mashine ya kukaushia nywele, pitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake ukiusogeza kama msumeno, gundi iliyobaki ifutwe kwa spiriti. Waya wa nyuma uache palepale ulipo. Kuutoa ni kazi kubwa kuliko kuuingiza, na mnunuzi atashukuru.